Kutoka Masurufu hadi Zawadi: Historia ya Halua ya Pwani katika Maneno ya Msafiri

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya halua ya pwani ya Afrika Mashariki kwa kutumia ushahidi wa msamiati. Halua hupikwa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Oman, na kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mgeni hupewa anapofika na vya mwisho anavyonunua anapoondoka. Mjadala kuhusu asili yake umejengwa juu ya swali la nani mwenye halua. Makala yanaonesha kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kufuata neno peke yake, kwa sababu neno, kitu na mkono unaokipika vina historia tatu tofauti. Kwa kuchambua maneno halua, faluda, wanga, samli, sufuria, manga, masurufu na zawadi, makala yanahitimisha kwamba halua ya pwani ni zao la safari, na kwamba msamiati wake umehifadhi kumbukumbu za njia na bandari kuliko kumbukumbu za wafanyakazi walioitamisha.

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili wameandika sana kuhusu maneno ya mkopo kutoka Kiarabu, hususan maneno ya dini, sheria, biashara na ubaharia. Maneno ya jikoni hayajapata uangalizi unaolingana nayo. Pengine sababu ni kwamba chakula huonekana jambo dogo lisilostahili kuwekwa kando ya utenzi au hati ya kadhi. Hata hivyo jiko ni mahali ambapo lugha hukutana kila siku. Huko mpishi, mtumishi, mke, mgeni na mchuuzi walilazimika kuelewana juu ya kipimo, moto na ladha, na maelewano hayo yakaacha alama katika maneno.

Halua ni mfano unaofaa kwa uchunguzi wa aina hii. Ni kitu kimoja kinachotambulika kwa urahisi: donge laini linalong'aa, lenye rangi ya kahawia, nyekundu au manjano, linalotengenezwa kwa wanga, sukari, maji na samli, na kutiwa viungo kama iliki, kungumanga, zafarani na maji ya waridi, pengine pamoja na lozi, korosho au ufuta. Huliwa kidogo kidogo pamoja na kahawa chungu. Hutolewa arusini, wakati wa Idi na katika Maulidi, na hununuliwa na wasafiri wanaorejea kwao. Mtalii kutoka Ulaya huifananisha na peremende ya Kituruki. Mtu wa bara huiita halua ya Mombasa au ya Zanzibar. Mwomani huiona ya kwao. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Suala hili lina uzito zaidi ya ladha. Tangu Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, vyakula vya pwani vimekuwa sehemu ya simulizi linalouzwa kwa wageni. Simulizi hilo hupenda asili iliyo moja na iliyo safi. Historia ya halua haina asili ya namna hiyo, na msomi anayeisimulia bila kuangalia maneno yake kwa makini huweza kuukubali upande mmoja bila kujua.

2.0 Neno na kitu

Neno halua limetoka katika Kiarabu ḥalwā, kutokana na mzizi ḥ-l-w wenye dhana ya utamu. Katika Kiarabu neno hili si jina la chakula kimoja. Hujumuisha vyakula vitamu vya aina nyingi, na ndiyo sababu limesambaa katika lugha nyingi likiwa na maana zisizofanana. Uturuki na Shamu humaanisha zaidi kitafunwa cha unga au cha ufuta uliosagwa. Bara Hindi huweza kuwa ya semolina, ya karoti au ya dengu. Pwani ya Afrika Mashariki na Oman ni ya wanga. Kwa hiyo mtu akisema kwamba halua imetoka Uarabuni kwa sababu neno ni la Kiarabu, amethibitisha safari ya neno tu. Safari ya kitu bado hajaieleza.

Ushahidi wa kale wa kitu chenyewe unapatikana chini ya jina jingine. Katika kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, mna kitamu kinachoitwa fālūdhaj, kilichopikwa kwa wanga, asali au sukari na mafuta hadi kikashikana. Jina hilo lina asili ya Kiajemi. Anayelisoma pishi hilo leo akiwa ameonja halua ya Wete au ya Maskati hataona ugeni mkubwa. Jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili kimelipokea pia jina hili la pili, lakini kwa kitu kingine. Faluda ya pwani ni kinywaji kizito au kitamu baridi cha maziwa, na hakuna anayeichanganya na halua. Kwa maneno mengine, kitu cha kale cha wanga kimepokea jina la jumla, na jina lake mahususi la kale limehamia kwenye kitu cha maziwa. Mwanafunzi wa semantiki ya kihistoria hapati mfano ulio wazi zaidi wa namna jina na kilichopewa jina vinavyoweza kusafiri kwa vyombo tofauti na kushuka bandari moja.

Kifonolojia, neno lilikabiliwa na mambo mawili. Kwanza, sauti ya koromeo ḥ haimo katika mfumo wa Kiswahili, na nafasi yake ikachukuliwa na h ya kawaida. Pili, mfuatano wa lw ulitatuliwa kwa njia zaidi ya moja. Sura iliyozoeleka katika kamusi ni halua, yenye silabi tatu na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, yaani lu. Kando yake zipo haluwa, inayoonesha kiyeyusho waziwazi, na halwa, iliyo karibu zaidi na Kiarabu na inayosikika sana Mombasa. Tofauti hizi si makosa ya wasemaji. Halua na haluwa ni sura zilizokwisha kufinyangwa na kanuni ya silabi wazi. Halwa huendelea kuungwa mkono na mawasiliano ya moja kwa moja na Kiarabu na lugha za Kihindi, ambamo neno hilohilo hutumika. Mahali ambapo mlango wa bahari haukufungwa, sura ya kigeni haikulazimika kufa.

Kimofolojia, halua imeingia katika ngeli ya I-/ZI-, kama ilivyo kwa mikopo mingi, lakini hutumika zaidi kama nomino ya wingi usiohesabika. Kuhesabu huhitaji chombo au umbo: donge la halua, kipande cha halua, kikapu cha halua, kilo ya halua. Kipimo hiki cha mwisho ni cha dukani. Kipimo cha kikapu kina historia ndefu zaidi, kama itakavyoonekana.

3.0 Maneno yaliyomo ndani ya sufuria

Ikiwa jina la chakula limetoka Uarabuni, viambato vyake vinasema nini? Jibu linategemea kiambato kipi kinaulizwa.

Wanga ni neno la pwani. Katika matumizi ya zamani lilitaja unga mweupe uliopatikana katika mizizi ya mmea unaojulikana kwa wanabotania kama Tacca leontopetaloides, unaoota katika maeneo ya mchanga ya pwani na visiwa. Mizizi hiyo huwa michungu, na unga wake hufaa baada ya kusagwa au kukunwa, kuoshwa kwa maji mara nyingi na kuachwa utuame. Baadaye wanga wa muhogo, zao lililoletwa kutoka Amerika katika zama za Wareno, na wanga wa mahindi, zao lililotoka huko huko, vilitumika kwa kazi hiyohiyo. Neno nalo likapanuka. Leo mwanafunzi wa shule ya msingi hujifunza kwamba ugali, wali na viazi ni vyakula vya wanga, bila kujua kwamba istilahi hiyo ya sayansi ilianzia katika mmea wa porini wa pwani. Hii ni safari ya maana kutoka umahususi hadi ujumla, na ni kinyume cha safari ya halua, ambayo katika Kiarabu ni ya jumla na katika Kiswahili imebanwa ikawa jina la kitu kimoja. Maneno mawili yanayokutana ndani ya sufuria moja yamepita njia moja kwa kupishana.

Samli imetoka katika Kiarabu samn. Mfuatano wa mn mwishoni mwa neno haukubaliki katika silabi za Kiswahili. N ikageuka l, na irabu i ikaongezwa mwishoni. Mabadiliko hayo ni ya kina kiasi kwamba msemaji wa kawaida hahisi ugeni wowote katika neno hili, jambo linaloashiria kwamba limekaa katika lugha kwa muda mrefu. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kwamba alikaribishwa kwa tambuu na marashi ya waridi kutoka Damascus. Samli na maji ya waridi vilikuwa tayari katika mapokezi ya mgeni wa heshima karne kadhaa kabla ya utawala wa Waomani kusimama Zanzibar.

Sufuria nayo inastahili kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu ṣufriyya, chombo cha shaba, kutokana na ṣufr, yaani shaba. Leo sufuria ni ya alumini au ya chuma, na usemi sufuria ya shaba hauonekani kuwa na marudio yoyote. Hata hivyo wapishi wa halua, Oman na Zanzibar, ni miongoni mwa watu walioendelea kuthamini chombo kikubwa cha shaba juu ya moto wa kuni. Shaba husambaza joto sawasawa, na halua haisamehe sehemu iliyoungua. Katika kazi hii neno na maana yake ya kale vimebaki pamoja, ilhali kwingine vimekwisha kutengana.

Sukari imepitia Kiarabu sukkar, kutoka Kiajemi, na mwanzo wake ni Kisanskriti. Sukari guru, ile isiyosafishwa, ina kijalizo kilichotoka katika lugha za Kihindi. Viungo navyo vina ramani yao: zafarani kutoka nchi za Waajemi na Kashmir, iliki kutoka kusini mwa Bara Hindi, kungumanga ambayo mwanzo ilitoka visiwa vya Banda katika Indonesia ya leo. Sufuria moja ya halua ilihitaji bahari nzima.

Neno kungumanga linatoa somo la ziada. Manga katika Kiswahili cha zamani ni jina la Uarabuni, hasa upande wa Oman, na Wamanga ni watu waliotoka huko. Kungu ni tunda la mkungu wa pwani. Kwa hiyo kungumanga ni kungu la Manga, ingawa Oman haijapata kuwa nchi ya kungumanga. Vivyo hivyo pilipili manga hutoka India, lakini imepewa jina la waliyoileta. Komamanga ni koma la Manga, likilinganishwa na tunda la mkoma. Wasemaji waliipa bidhaa jina la chombo kilichoileta, wala hawakujali shamba lilikoota. Tabia hii haikuwa ya Waswahili peke yao: Sri Lanka kuna kitamu cha unga, sukari na samli kinachoitwa maskat, kwa jina la bandari ya Oman.

Hapa panazuka swali. Ikiwa Kiswahili kilitumia manga kwa urahisi hivyo, kwa nini hakukuwa na haluamanga? Jibu linapatikana katika kazi ya kijalizo hicho. Manga hutofautisha kitu kigeni na kitu cha hapa chenye jina hilohilo: palikuwapo kungu, koma na pilipili, na kila kimoja kilihitaji kutenganishwa na mwenzake aliyekuja kwa jahazi. Halua haikukuta halua nyingine. Ilipoingia, iliingia bila mpinzani, na kijalizo kilichokuja kuhitajika baadaye kilikuwa cha kutofautisha mapishi ya hapa kwa hapa: halua ya Wete, halua ya Mombasa, halua ya Unguja, halua ya lozi. Sarufi ya vijalizo inaonesha kwamba wasemaji walikwisha kuihesabu halua kuwa ya kwao kabla wanahistoria hawajaanza kuuliza ni ya nani.

4.0 Utamu na jasho

Msamiati uliochambuliwa hadi hapa unasifu bahari. Hauisemi nchi kavu, na hapa ndipo msomi anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu ukimya wa lugha nao ni ushahidi.

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856, alihamishia Zanzibar makao ya utawala wake, na katika zama zake mashamba ya visiwani na pwani yalipanuka kwa kasi. Karafuu ndiyo inayokumbukwa zaidi, lakini miwa nayo ilikuwapo. Bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa, na bidhaa zake ziliuzwa hadi Uarabuni. Abushiri bin Salim, anayejulikana katika historia ya Tanzania kwa kuongoza upinzani dhidi ya Wajerumani hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873 uliotiwa saini na Sultan Barghash. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika kipindi chote kilichotangulia tarehe hizo, utamu uliotolewa kwa mgeni barazani ulikuwa na gharama ambayo haikutajwa barazani.

Lugha imeshiriki katika ukimya huo. Kiarabu kina ḥalwānī, mtengeneza vitamu. Lugha za Kihindi zina halwai kwa maana hiyohiyo, na neno hilo limekuwa jina la kundi la kijamii. Kiswahili kina mhunzi, mwashi, sonara na seremala, lakini kwa anayepika halua hutumia maelezo: mpishi wa halua, au muuza halua. Haifai kujenga nadharia nzima juu ya pengo moja la kileksika. Hata hivyo pengo hilo linalingana na jambo jingine: majina ya viambato yanajulikana, majina ya bandari yanajulikana, lakini waliosimama mbele ya moto hawakuachiwa jina.

Kazi yenyewe si nyepesi. Wanga huchanganywa na maji, sukari huyeyushwa, na mchanganyiko hukorogwa bila kusimama kwa mwiko mrefu, mara nyingi kwa saa mbili au zaidi, huku samli ikiongezwa kidogo kidogo. Chembe za wanga zinapopata joto hufyonza maji na kuvimba, na uji hugeuka kuwa mzito na wenye kung'aa. Mkono ukisita, sehemu ya chini huungua na sehemu ya juu hufanya madonge. Mpishi hujua halua imeiva inapoacha kushika pembeni mwa chombo na samli inapoanza kujitenga. Maarifa haya hayakuandikwa katika utenzi wala waraka. Yamepitishwa kwa kutazama na kwa kufanya, na nyumba nyingi za wapishi hadi leo huyahifadhi kama siri ya familia.

5.0 Msafiri na kikapu

Kwa nini halua, kati ya vyakula vitamu vyote vya pwani, ndiyo iliyoambatana zaidi na msafiri? Kaimati, ambazo jina lake limetokana na Kiarabu luqaymāt, yaani vijitonge vidogo, hupendwa sana lakini hupoteza ladha zikilala. Zalabia nayo hulegea. Ladu na kashata husafiri, ila hazibebi heshima ileile. Halua ina sifa mbili kwa pamoja. Kwanza, hukaa. Sukari iliyomo huyafunga maji kiasi kwamba vijidudu haviwezi kustawi, na halua iliyopikwa vizuri huweza kukaa kwa muda mrefu bila barafu wala jokofu. Pili, kipande kidogo hutosha. Chakula kisichooza na kinachokinai upesi kilimfaa mtu aliyesubiri upepo.

Safari za majahazi zilitegemea misimu. Vyombo vilikuja na kaskazi kuanzia mwishoni mwa mwaka, vikarudi na kusi kuanzia karibu Aprili. Katikati palikuwa na miezi ya kukaa bandarini, na mgeni alihitaji mwenyeji. Ibn Battuta alieleza kwamba Mogadishu vijana wa mji walikwenda na mashua hadi chomboni wakiwa na sahani za chakula, na kila mmoja alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alikaa kwa mwenyeji huyo, na biashara yake ikapita mikononi mwake. Chakula cha kwanza kilikuwa mkataba. Methali ya Kiswahili mgeni njoo, mwenyeji apone inaeleweka vizuri zaidi katika mazingira hayo: uponaji unaotajwa haukuwa wa kiroho tu. Methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inaweka mpaka. Halua iko upande wa siku ya kwanza.

Uhusiano wa halua na msafiri unaonekana pia katika maneno mawili ambayo hayakuzaliwa jikoni. La kwanza ni masurufu. Kiarabu maṣrūf ni gharama, fedha iliyotumika. Katika Kiswahili masurufu yalikuja kumaanisha vyakula na mahitaji ya safari, maana ambayo bado ipo pamoja na ile ya fedha za matumizi. La pili ni zawadi. Neno hili linahusishwa na mzizi wa Kiarabu z-w-d, ambao dhana yake ya msingi ni vyakula vya safari. Zād ni kile ambacho msafiri hubeba ili asife njaa. Katika Kiswahili zawadi haimlishi msafiri. Ni kitu anachomletea aliyebaki nyumbani, au anachopewa na mwenyeji wakati wa kuagana, na baadaye kitu chochote apewacho mtu kwa hisani.

Maneno haya mawili yamesogea kwa mfuatano. Neno la gharama lilichukua nafasi ya vyakula vya njiani, na neno la vyakula vya njiani likasogea hadi kwenye kitu cha kutoa. Si lazima kudai kwamba moja lililisukuma jingine. Inatosha kuona kwamba katika jamii ya mabaharia mpaka kati ya kula njiani na kupeleka nyumbani ulikuwa mwembamba. Kilichosalia katika masurufu, kama bado kilikuwa kizuri mwisho wa safari, kiliweza kuwa zawadi. Vyakula vingi havikuweza kuvuka mpaka huo kwa sababu viliharibika. Halua iliweza. Yenyewe ni masurufu na zawadi kwa wakati mmoja, na katika mwenendo wake tunaona kwa macho mabadiliko ya maana ambayo kamusi hueleza kwa mshale tu.

Kikapu kilisaidia. Halua ya visiwani ilifungwa katika vikapu vidogo vilivyoshonwa kwa ukili, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake. Kikapu kilikuwa chombo, kipimo na alama ya mahali. Aliyekipokea alijua kilikotoka kabla ya kukifungua. Leo visanduku na mikebe ya plastiki vimeshika nafasi kubwa, na kwa wanunuzi wengi kikapu kimekuwa pambo. Pamoja na kikapu hupungua pia msamiati wa usukaji: ukindu, miyaa, ukili, shupatu. Mabadiliko ya ufungaji si suala la biashara pekee; ni mabadiliko ya leksikoni.

6.0 Ni ya nani?

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalivunja mahusiano mengi ya zamani kati ya visiwa na Oman. Familia nyingi ziliondoka. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa wamezaliwa au kuishi Afrika Mashariki walihamia Oman, na walikwenda na Kiswahili. Hadi leo Kiswahili husikika katika nyumba za Maskati na miji mingine. Kwa familia hizo, halua ilikuwa kitu kilichosafiri pande zote mbili: babu aliikumbuka Oman akiwa Unguja, na mjukuu akaikumbuka Unguja akiwa Oman.

Katika mazingira hayo, kauli kwamba halua ni ya Oman au ni ya Zanzibar hubeba mzigo mkubwa kuliko upishi. Anayesema ni ya Oman pekee huwafuta wapishi wa pwani, wanga wa pwani na vikapu vya pwani. Anayesema ni ya Zanzibar pekee hufuta bahari, na pamoja nayo hufuta watu walioondoka. Mwaka 2015 UNESCO iliitambua kahawa ya Kiarabu kuwa alama ya ukarimu kwa ombi la pamoja la Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar. Utambuzi huo ulionesha kwamba desturi moja inaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja bila yeyote kunyang'anywa. Halua, ambayo ni mwenzi wa kahawa hiyo katika sinia moja, ina sababu hiyohiyo ya kutazamwa kama urithi wa pamoja.

Msafiri wa leo anaendeleza desturi hiyo bila kuijadili. Anayetoka Mombasa kwa treni ya kisasa iliyoanza safari za Nairobi mwaka 2017 hubeba halua pamoja na mabuyu na achari. Anayevuka kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam hufanya hivyo pia. Ndugu waliobaki bara hawaulizi kama amefika salama kabla ya kuuliza amewaletea nini, na jibu likiwa halua, swali la kwanza limejibiwa pia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya halua ya pwani haipatikani kwa kufuata etimolojia ya jina lake pekee. Jina ni la Kiarabu, mbinu ya kupika wanga kwa utamu na mafuta ina kumbukumbu katika mapishi ya Baghdad chini ya jina la Kiajemi, wanga ulikuwa wa mmea wa pwani kabla ya muhogo na mahindi, na viungo vilitoka kila upande wa Bahari ya Hindi. Sarufi ya vijalizo inathibitisha kwamba wasemaji wa Kiswahili waliipokea kama kitu cha nyumbani. Semantiki ya masurufu na zawadi inaeleza kwa nini ilimfaa msafiri.

Vilevile uchambuzi umeonesha mipaka ya ushahidi wa kileksika. Maneno yamehifadhi majina ya bandari na bidhaa, lakini hayakuhifadhi majina ya waliokata miwa wala waliokoroga sufuria. Kazi inayofuata ni kukusanya msamiati wa wapishi na wasukaji wangali hai: maneno ya hatua za upishi, ya viwango vya moto, ya kuiva na kuharibika, Wete, Mji Mkongwe, Kibokoni na Maskati. Matini za kale za Kiswahili, kama vile Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari iliyochapishwa mwaka 1903, nazo zinafaa kusomwa upya kwa jicho la jikoni. Kamusi zinazoridhika kuieleza halua kuwa ni kitamu tu hazijakosea. Zimemwonjesha msomaji sukari, lakini hazijamwonesha moto uliowashwa chini ya sufuria.